Kusoma Kunakokaa Kichwani: Mwongozo wa masomo, utafiti wa mtandaoni na ari kwa wanafunzi wa sekondari

Shule za sekondari katika Kaunti ya Kilifi, kama kwingineko nchini, mwaka huu wa 2026 zina makundi mawili ya wanafunzi chini ya paa moja. Kuna Gredi ya 10, kundi la kwanza la sekondari pevu chini ya Elimu ya Umilisi (CBE), lililoingia Januari. Na kuna Kidato cha Tatu na cha Nne, madarasa mawili ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4. Walio Kidato cha Tatu sasa ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka wa 2027. Nyuma yao hakuna darasa lingine la mfumo huo, kwa hivyo lile wazo la "nikianguka nitarudia" si la kutegemewa tena.

Mifumo ni miwili, lakini kichwa cha mwanafunzi hufanya kazi kwa njia ile ile. Anayejiandaa kwa KCSE na anayeandaa mradi wa Gredi ya 10 wote wanahitaji kuelewa wanachosoma, kukikumbuka wiki na miezi baadaye, na kutenganisha habari za kweli na za uongo wanapoingia mtandaoni. Mzazi aliyeuza nazi au korosho, aliyeshinda baharini au kwenye kibarua ili karo ipatikane, ana haki ya kutaka saa za masomo za mwanawe zizae matunda.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: namna ya kusoma ili masomo yakae, namna ya kutafiti mtandaoni bila kupotoshwa wala kutapeliwa, na namna ya kulinda ari pale mambo yanapokuwa magumu.

Kwa nini kusoma tena na tena hakutoshi

Wanafunzi wengi hudurusu kwa njia moja: hufungua daftari, husoma kurasa, hupiga mistari kwa kalamu ya rangi, kisha husoma tena. Mwishowe kila kitu huonekana kukifahamika, na mwanafunzi huridhika kwamba yuko tayari. Siku ya mtihani jibu halipatikani. Tatizo ni kwamba kuyatambua maneno yakiwa mbele ya macho ni jambo moja, na kuyatoa kichwani bila daftari ni jambo lingine. Mtihani hupima hilo la pili.

Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alilichunguza suala la kusahau akijitumia yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima ni kazi kiasi gani iliyookolewa alipojifunza orodha hizo upya. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1885, baada ya saa moja alikuwa ameokoa asilimia 44 tu ya kazi ya mwanzo. Baada ya siku moja ilikuwa asilimia 34, na baada ya mwezi asilimia 21. Kwa maneno mengine, kusahau huenda kwa kasi saa za mwanzo kisha hupungua mwendo. Somo lililofundishwa asubuhi lisipoguswa siku hiyo wala kesho yake, sehemu kubwa huwa imekwisha kuyeyuka.

Mwaka wa 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Kwa wastani wanafunzi hao walikisoma zaidi ya mara 14. Kundi lingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena waliongoza kwa kukumbuka asilimia 83, wenzao wakiwa na asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena na tena walibaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na asilimia 61.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kusoma tena na tena hulipa usiku ule ule, na ndiyo maana mwanafunzi huamini kwamba kunafaa. Lakini KCSE haifanywi dakika tano baada ya kudurusu.

Mbinu nne zinazofanya kazi

Mwaka wa 2013, John Dunlosky na wenzake walipitia ushahidi kuhusu mbinu kumi za kusoma. Mbili zilishika nafasi ya juu: kujipima, na kugawa marudio katika siku mbalimbali. Kupiga mistari na kusoma tena ziliwekwa katika kundi la chini. Mbinu zifuatazo hazihitaji pesa.

*Kwanza, kujiuliza.* Mwanafunzi akimaliza mada, afunge kitabu, achukue karatasi tupu na aandike yote anayokumbuka. Chukua mfano wa anayesoma kazi za ini katika Bayolojia. Ataandika: kudhibiti kiwango cha sukari kwenye damu, kuvunja asidi za amino zilizozidi, kutengeneza nyongo, kuondoa sumu. Akikwama, afungue kitabu na ajaze pengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ya pili ndiyo orodha ya yale asiyoyajua, na kesho aanzie hapo.

*Pili, kugawa marudio.* Ebbinghaus mwenyewe aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Mada iliyofundishwa Jumatatu inaweza kupitiwa kwa dakika kumi Jumanne, tena Ijumaa, tena wiki inayofuata, na tena baada ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Anayelimbikiza kazi yote hadi wiki ya mtihani hutumia saa nyingi zaidi na kuvuna kidogo.

Njia rahisi ya kusimamia marudio ni ya kadi, iliyoenezwa na Mjerumani Sebastian Leitner mwaka wa 1972. Karatasi za madaftari ya zamani hukatwa vipande. Upande mmoja huandikwa swali, wa pili jibu. Kadi zote huanzia boksi la kwanza, linalopitiwa kila siku. Swali likijibiwa sawa, kadi huhamia boksi la pili, linalopitiwa kila baada ya siku tatu, kisha la tatu, la kila wiki. Likikosewa, kadi hurudi boksi la kwanza. Maboksi ya viatu au ya sabuni yanatosha.

*Tatu, kuchanganya maswali.* Katika Hisabati, mwanafunzi akifanya maswali ishirini ya aina moja, kufikia la tano anajua kanuni ya kutumia bila kufikiri. Mtihani haumwambii kanuni. Akichanganya maswali ya aljebra, trigonometria na uwezekano katika zoezi moja, hujifunza pia kutambua swali linadai nini. Karatasi za mitihani iliyopita zinafaa kwa kazi hii, mradi zifanywe kwa saa, bila daftari, na zisahihishwe baadaye kwa mwongozo. Anayesoma swali na jibu lake kwa pamoja anarudi kule kule kwa kusoma tena na tena.

*Nne, kueleza.* Mwanafunzi anayeweza kumweleza mdogo wake kwa nini upepo wa bahari huvuma kuelekea nchi kavu mchana ameelewa somo. Anayekwama katikati amegundua shimo. Vikundi vya masomo hufaa kwa sababu hiyo, iwapo kila mmoja atapewa mada ya kuwafundisha wenzake. Kikundi ambacho mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza ni usingizi wa pamoja.

Ratiba inayoendana na nyumba halisi

Mwanafunzi wa bweni ana kengele ya kumwongoza. Wa kutwa anarudi nyumbani Ganze, Bamba au Marafa baada ya kutembea, anakuta maji ya kuteka na wadogo wa kuangalia, na taa ya sola ambayo chaji yake ina kikomo. Ratiba ya saa nne za usiku haimfai, na akiishindwa siku tatu mfululizo hukata tamaa.

Kinachowezekana ni vipindi vifupi vinavyolindwa. Wengi hutumia dakika 25 za kazi na dakika tano za mapumziko. Vipindi viwili kabla ya chakula cha jioni na kimoja alfajiri, kila siku, ni zaidi ya saa nane kwa wiki. Kila kipindi kiwe na kazi moja iliyoandikwa mapema: badala ya "kusoma Kemia", iandikwe "maswali matano ya moli, ukurasa fulani". Kazi isiyo na jina humaliza dakika kumi za mwanzo ikitafutwa.

Simu, hata kama ni ya mzazi, ikae chumba kingine wakati wa kipindi. Kila mlio wa ujumbe hukata mawazo, na kuyaunganisha tena huchukua muda.

Usingizi nao ni sehemu ya masomo. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18. Wakati wa kulala ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Anayekesha ili amalize mada hulipa gharama darasani kesho yake, akisinzia mwalimu akifundisha mada mpya.

Kutafiti mtandaoni: mfano wa Mekatilili

Upinzani wa Wagiriama dhidi ya ukoloni umo katika silabasi ya Historia na Serikali, na kwa wanafunzi wa Kilifi ni historia ya nyumbani. Ni mfano mzuri wa namna ya kutafiti.

Mambo ya msingi yanajulikana. Mwaka wa 1913, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama kukataa kodi na kupelekwa vibarua kwa nguvu, na kupinga amri za afisa wa Kiingereza, Arthur Champion. Watu walikula viapo katika Kaya Fungo. Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwaka huo na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurejea. Mwaka wa 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka.

Mwanafunzi akiandika jina la Mekatilili kwenye Google, atapata kurasa nyingi, na hazikubaliani. Zipo zinazosema alipelekwa Kisii, na zipo zinazosema Mumias. Mwaka wake wa kuzaliwa hautajwi kwa namna moja. Kisa cha kuku na vifaranga wake, alichokitumia kumwonyesha Champion kwamba Wagiriama wangewatetea vijana wao, husimuliwa kwa namna mbalimbali. Aliyezoea kunakili ukurasa wa kwanza atachukua lolote litakalotangulia. Aliyezoea kutafiti atafuata hatua hizi.

*Kuandika swali kabla ya kuwasha data.* "Mekatilili" si swali. "Kwa nini Wagiriama walikataa kodi mwaka wa 1913?" ni swali. Swali lililo wazi huokoa bando na humzuia mwanafunzi kuishia kwenye video za dansi.

*Kutafuta kwa maneno yaliyochaguliwa.* Maneno yakiwekwa ndani ya alama za mtajo, Google hutafuta yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. Mwanafunzi akiongeza site:ac.ke, hupata kurasa za vyuo vya Kenya pekee, site:go.ke humpa za serikali. Akiongeza filetype:pdf, hupata nyaraka anazoweza kuzipakua na kuzisoma baadaye bila data.

*Kutoka kwenye ukurasa ili kuuchunguza.* Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwatazama watu 45 wakipima ukweli wa tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wakaguzi wa ukweli 10 wa vyombo vya habari. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakitazama nembo, muundo na lugha yake, na wakadanganyika. Wakaguzi waliutoka haraka na kufungua kurasa nyingine ili kujua wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo na wenye kuimiliki. Waliamua kwa muda mfupi zaidi, na kwa usahihi zaidi. Ukurasa uliopambwa vizuri si ushahidi. Kinachotafutwa ni nani ameandika, amelijuaje analolisema, na nani mwingine asiyemnakili analithibitisha.

*Kufuata habari hadi chimbuko.* Kurasa kumi zenye sentensi ile ile si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara tisa. Wikipedia inafaa kuanzia, na sehemu yake yenye faida kubwa ni orodha ya marejeo iliyo chini. Kuhusu Wagiriama, marejeo hayo yanaweza kumfikisha mwanafunzi kwa Cynthia Brantley, ambaye mwaka wa 1981 alichapisha kitabu kizima kuhusu Wagiriama na upinzani wao dhidi ya ukoloni. Kitabu kama hicho hueleza habari ilitoka kwa nani: barua za maafisa wa kikoloni au masimulizi ya wazee. Barua ya afisa huweza kuwa na tarehe sahihi na bado ikamdharau Mekatilili. Mzee wa kaya huweza kutokuwa na tarehe na bado akaeleza maana ya kiapo ambayo afisa hakuijua. Mwanafunzi mzuri huvisikiliza vyote viwili na kueleza ni kipi amekichukua wapi.

*Kuandika kumbukumbu papo hapo.* Jina la mwandishi, kichwa, anwani ya ukurasa na tarehe aliyousoma. Kisha afunge ukurasa na aandike hoja kwa maneno yake. Akinakili sentensi za mtu bila kumtaja, huo ni wizi wa maandishi, na katika mradi wa shule unaweza kumnyima alama.

Kwa asiye na bando la kutosha, kurasa za maandishi hula data kidogo kuliko video. Video ikibidi, ubora wake upunguzwe. Kwenye saiba, nyaraka huweza kupakuliwa zote kwa pamoja na kuhifadhiwa kwenye flashi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ina hazina ya mtandaoni iitwayo Kenya Education Cloud, yenye masomo yanayofuata mtaala wa nchi. Khan Academy nayo inafundisha Hisabati na Sayansi bila malipo. Tahadhari moja: silabasi yake si ya Kenya, kwa hivyo itumike kuelewa dhana, na kitabu cha kiada kibaki kuwa dira.

Akili unde: msaidizi, si mtahiniwa

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka wa 2022, wanafunzi wengi wamepata njia ya kupata insha kwa sekunde chache. Programu hizi huandika kwa ufasaha hata zinapokosea. Huweza kutaja kitabu ambacho hakipo au kumpa mtu maneno ambayo hakuyasema. Kwa hivyo kila jina, tarehe na takwimu kutoka huko ihakikishwe kwingine, kama ukurasa wowote ule.

Matumizi mazuri yapo. Mwanafunzi anaweza kuiomba programu imtungie maswali kumi kuhusu osmosisi, ayajibu kwenye karatasi, kisha aombe maelezo ya aliyoyakosa na kuyalinganisha na kitabu. Matumizi mabaya ni kuiachia ifikirie badala yake. Aliyesoma muhtasari wa *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi bila kufungua riwaya yenyewe atajua kinachotokea, lakini swali la dondoo litamkamata, kwa sababu hajawahi kuwasikia wahusika wakizungumza.

Karatasi "zilizovuja": utapeli wa kila mwaka

Msimu wa mitihani unapokaribia, makundi ya Telegram na WhatsApp hujaa matangazo ya kuuza karatasi za KCSE. Mnunuzi hutakiwa atume pesa kwa M-Pesa, kisha hupokea karatasi ya mwaka uliopita iliyobadilishwa tarehe, au hafunguliwi tena. Mzazi aliyechanga pesa hizo kwa nia ya kumsaidia mwanawe hupoteza pesa, na mtoto hupoteza wiki za kudurusu akisubiri karatasi.

Hasara ya pesa ndiyo ndogo. Baraza la Mitihani (KNEC) hufuta matokeo ya watahiniwa wanaopatikana na hatia ya udanganyifu. Sheria ya KNEC ya mwaka wa 2012 inatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi Sh2 milioni, au vyote viwili, kwa anayepata karatasi za mtihani na kufichua yaliyomo. Anayepokea tangazo la namna hiyo asitume pesa wala asilisambaze. Amweleze mwalimu mkuu au aripoti kituo cha polisi.

Ari: inatoka wapi, na inapotea vipi

Mara nyingi mwanafunzi anayelegea huitwa mvivu. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani waliochunguza ari kwa miongo kadhaa, wanataja mahitaji matatu ambayo yakikosekana ari hufifia: kuwa na uamuzi fulani juu ya kazi yako, kuona kwamba unaweza, na kuwa na watu wanaokujali. Mahitaji hayo yanafaa kuwa maswali ya kwanza mtoto anapolegea.

Je, ana uamuzi wowote? Mzazi anaweza kuweka sharti kwamba saa moja ya jioni ni ya masomo, na kumwachia mtoto achague aanze na somo gani. Kwa Gredi ya 10, suala la uamuzi ni zito zaidi, kwa kuwa mwanafunzi husoma mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Anayesoma mkondo aliosukumiwa kwa sababu unasikika vizuri kwa majirani atahitaji msukumo kila siku.

Je, anaona anaweza? Aliyepata D katika Hisabati haoni njia ya kufika A. Lakini anaweza kuona njia ya kuijua mada moja wiki hii. Ushindi mdogo uliorekodiwa ukutani una nguvu kuliko hotuba ndefu. Inasaidia pia kujua alama zinavyohesabiwa. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Somo moja la sayansi lililoharibika halimalizi safari.

Je, ana watu? Mwanafunzi mwenye mwenzake wa kusoma, mwalimu anayelijua jina lake na mzazi anayeuliza "leo umejifunza nini?" kabla ya "umekuwa wa ngapi?" huvumilia zaidi.

Kuna pia mbinu ya kuivusha nia hadi tendo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba watu hutimiza malengo zaidi wanapopanga kwa mtindo wa "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi". "Nitasoma kwa bidii" ni nia. "Nikishamaliza kuosha vyombo, nitakaa mezani na kufanya maswali matatu ya Fizikia" ni mpango. Mpango wa namna hii haungojei hamu ije, kwa sababu siku nyingi hamu huja baada ya kuanza.

Na safari haina mlango mmoja. Kujiunga na shahada moja kwa moja baada ya KCSE kunahitaji angalau C+, lakini KUCCPS huwapanga wanafunzi pia katika kozi za stashahada na astashahada katika vyuo vya kiufundi. Mtoto anayeambiwa kwamba asipofika chuo kikuu maisha yamekwisha husoma kwa hofu, na hofu ni mwalimu mbaya.

Maktaba, mzazi na jirani

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba. Kwa mwanafunzi wa sekondari, maktaba ya umma ni mahali penye meza, utulivu na vitabu, na anayeishi karibu na miji ya Kilifi au Malindi ana nafasi ya kuifikia likizoni. Aendapo, aende na swali lililoandikwa, kama aendavyo saiba.

Mzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia sana. Anaweza kushika kadi ya maswali na kuuliza, hata kama jibu limeandikwa kwa lugha asiyoijua. Mtoto ndiye atakayegeuza kadi na kujisahihisha. Anaweza kupunguza kazi za jioni wiki ya mtihani, au kuzigawa sawa kati ya wavulana na wasichana, kwa kuwa mara nyingi msichana ndiye huanza kusoma mwisho, akiwa amechoka. Anaweza kutunza chaji ya taa, na kuacha kumlinganisha mwanawe na wa jirani.

Iwapo mtoto amebadilika ghafla, hali wala halali vizuri, hataki shule, au anadhulumiwa, tatizo hilo limevuka mbinu za kusoma. Mwalimu wa ushauri nasaha aelezwe mapema. Simu ya bure ya 116 ya Childline Kenya husikiliza watoto na wazazi.

Kwa ufupi: kuanzia wiki hii

1. Baada ya kila somo, funga kitabu na uandike unachokumbuka. Jaza mapengo kwa rangi nyingine.
2. Pitia mada kesho yake, baada ya siku chache, baada ya wiki, na baada ya mwezi.
3. Fanya karatasi za mitihani iliyopita kwa saa, bila daftari, ukichanganya mada.
4. Soma kwa vipindi vya dakika 25, kila kimoja na kazi moja iliyotajwa. Simu ikae chumba kingine.
5. Andika swali kabla ya kuwasha data. Thibitisha jibu kwa vyanzo viwili visivyonakiliana.
6. Usitume pesa kwa anayedai kuuza mtihani.
7. Panga kwa mtindo wa "nikishamaliza hili, nitafanya lile".
8. Lala saa 8 au zaidi.

Si lazima yote yaanze siku moja. Mwanafunzi akichukua la kwanza na la pili pekee na kuyafuata hadi mwisho wa muhula, atakuwa na rundo la karatasi zinazomwonyesha, mada kwa mada, anachokijua na kilichobaki.